Kukaa katika Nyumba ya Kujipikia Mji Mkongwe wa Zanzibar: Mwongozo Kamili

Mji Mkongwe wa Zanzibar una hoteli za kila daraja, lakini kwa familia yenye watoto, kwa ndugu waliokuja harusini au kwa mtu anayekaa wiki nzima kwa shughuli za kazi, nyumba ya kujipikia ndiyo inayofaa zaidi. Mgeni anapata jiko, friji, sebule na uhuru wa kula saa anayotaka, na soko kubwa la Darajani halihitaji nauli. Hata hivyo, nyumba nyingi zinazopangishwa humo zilijengwa katika karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na waliozijenga hawakukusudia ziwe na bafu ghorofa ya tatu wala mashine ya kufulia. Malalamiko mengi ya wageni, kwamba maji yamekatika, chumba kina harufu ya unyevu au ngazi zimemshinda bibi, hutokana na kuipanga nyumba ya namna hiyo kama vile ni fleti mpya ya Dar es Salaam au Nairobi. Mwongozo huu unafuata safari yenyewe, tangu kuchagua mtaa hadi kurudisha funguo, na unakaa zaidi kwenye mambo mawili ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayoamua kama siku hizo zitakuwa za raha au za adha, nayo ni maswali yanayoulizwa kabla ya kulipa, na soko.

Hatua ya 1: Chagua mtaa kabla ya kuchagua nyumba

Mji Mkongwe ni mdogo. Kutoka Shangani, upande wa magharibi, hadi Darajani, upande wa mashariki, ni mwendo wa kama robo saa kwa mtu anayezijua njia, na pengine mara mbili ya hapo kwa anayepotea vichochoroni siku ya kwanza. Pamoja na udogo huo, mitaa yake hailingani. Shangani na Forodhani ziko ufukweni, zina hoteli, mikahawa na maduka ya watalii, gari hufika karibu zaidi, na bei za kulala ni za juu. Malindi iko jirani na bandari na diko la samaki, kwa hiyo inamfaa sana mtu anayewasili kwa boti akiwa na mizigo, ila pilikapilika za bandari huanza mapema na mwenye usingizi mwepesi atazisikia. Kiponda, Hurumzi, Mkunazini na Sokomuhogo ziko ndani, kwenye njia nyembamba ambazo gari haliingii kabisa, na humo ndimo mgeni anapoishi kweli katikati ya wenyeji, baina ya mabaraza, misikiti, vyuo vya Kurani na maduka madogo. Vuga, upande wa kusini, ina barabara pana na iko karibu na Hospitali ya Mnazi Mmoja.

Anayekusudia kupika kila siku na atafute nyumba Mkunazini au Kiponda, kwa sababu kutoka huko anaweza kwenda sokoni, akarudi na samaki, na kuwatia katika friji kabla jua halijapanda. Mwenye mzee, mjamzito au mgonjwa afikirie Vuga, au sehemu ya Shangani iliyo kando ya Barabara ya Kenyatta, ambako teksi inaweza kusimama karibu na mlango. Kuhusu adhana, msikiti upo karibu na kila nyumba mjini humu, na wito wa alfajiri utasikika popote utakapolala. Huo ni mji wa Waislamu na ndivyo unavyoamka. Anayehitaji utulivu zaidi aombe chumba kinachoelekea ua wa ndani badala ya njia.

Hatua ya 2: Maswali ya kumuuliza mwenyeji kabla ya kulipa

Picha za mtandaoni huonyesha mlango wa nakshi, kitanda cha Kihindi chenye nguzo nne na paa linalotazama bahari. Vyote hivyo vinaweza kuwa vya kweli bila kueleza chochote kuhusu jinsi nyumba inavyokalika. Mwandikie mwenyeji, umsalimie vizuri, kisha umuulize mambo yafuatayo moja baada ya jingine, na uyahifadhi majibu yake yakiwa ya maandishi.

Anza na maji. Maji ya Mamlaka ya Maji Zanzibar, yaani ZAWA, hayatoki saa zote katika kila mtaa, na yanapotoka mara nyingi hayana nguvu ya kupanda ghorofani yenyewe. Kwa hiyo nyumba iliyoandaliwa vizuri huwa na tangi la chini linalopokea maji, pampu, na tangi jingine juu ya paa. Uliza tangi la juu lina lita ngapi, na kama linatumiwa na wapangaji wengine. Hesabu yake ni rahisi. Watu wanne wanaooga mara mbili kwa siku kwa uangalifu na kupika nyumbani hutumia takriban lita 80 kila mmoja, yaani lita 320 kwa siku, hivyo tangi la lita 1,000 linawatosha siku tatu bila kujazwa. Tangi hilo likiwa ni la fleti tatu, siku hizo tatu zinakuwa moja. Ukumbuke pia kwamba pampu hutegemea umeme, na umeme ukikatika tangi halijazwi.

Ngazi ni swali la pili, na watu wengi hulisahau. Katika nyumba hizi ngazi ni za mwinuko mkali, za mawe au mbao, hatua zake hazilingani urefu, na mara nyingi hakuna cha kushika. Fleti yenye paa zuri kwa kawaida iko juu kabisa. Uliza kuna hatua ngapi kutoka mlango wa chini hadi chumba cha kulala, kisha fikiria utakavyozipanda ukiwa umebeba mtoto, ndoo ya mchele na chupa kubwa ya maji. Kwa watoto wanaotambaa au wanaojifunza kutembea, omba picha ya kilele cha ngazi na ya ukuta wa paa, kwa kuwa kuta nyingi za paa ziliachwa fupi tangu zamani na hazimzuii mtoto anayependa kupanda.

Swali la tatu ni hewa na unyevu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, ambao unaweza kufika nusu mita kwa unene, hunyonya unyevu na kuutoa polepole, na ndiyo sababu chumba cha zamani kina ubaridi hata mchana wa kaskazi, yaani msimu wa joto kali. Pale ambapo ukuta huo umepakwa saruji juu ya chokaa, unyevu hukosa njia ya kutokea, rangi huvimba na kubanduka, na chumba hupata harufu ya ukungu. Tazama picha kwa makini sehemu ya chini ya kuta, na ukiona rangi iliyovimba au madoa ya chumvi, chukua chumba cha ghorofa ya juu au tafuta nyumba nyingine. Vyumba vya chini viliwahi kuwa maghala na maduka, na kwa mtu mwenye pumu sivishauri kabisa wakati wa masika. Usishangae pia kwamba vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, ambayo haizidi sana mita 3, kwa hiyo kitanda cha ziada cha mtoto huenda kikaziba njia ya kupita.

Nne, jiko lenyewe. Maneno "jiko linapatikana" yanaweza kumaanisha jiko la gesi lenye vichomeo vinne na oveni, au birika la umeme juu ya meza. Uliza kama mtungi wa gesi una kilo 6 au 15, nani analipa ukiisha, na kama kuna sufuria kubwa ya wali, kisu kikali, ubao wa kukatia, mbuzi ya kukunia nazi au blenda, chujio la tui na friji yenye sehemu ya kugandisha. Sufuria mbili ndogo na vikombe sita havitoshi kulisha watu watano, na kununua vyombo vya siku nne ni hasara.

Mwisho ni umeme. Visiwa hupata umeme kutoka Tanzania Bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na wakazi hawajasahau giza la kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa kwanza ulipoharibika na mji kuishi kwa majenereta kwa takriban miezi mitatu. Waya wa pili uliwekwa mwaka 2013 na hali ikawa bora, lakini kukatika kwa saa chache bado hutokea. Umeme wa nyumbani hulipwa kabla kwa mfumo wa TUKUZA, ambapo unanunua uniti na kuingiza namba kwenye mita. Uliza ni uniti ngapi zimo katika bei, mita iko wapi, na nani wa kumpigia namba zikigoma kuingia. Kiyoyozi na hita ya maji ya kuoga ndivyo vinavyokula uniti kwa kasi, kwa hiyo bei inayoonekana nafuu huku umeme ukiwa juu ya mpangaji inaweza kuishia kuwa ghali.

Hatua ya 3: Msimu, malipo na karatasi

Joto ni kali wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na hali ya hewa ni ya kupendeza zaidi wakati wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta mvua kubwa, vichochoro hujaa maji na bei hushuka. Wakati wa tamasha la Sauti za Busara mwezi Februari, wakati wa sikukuu za Idi na mwishoni mwa Desemba, nyumba hujaa mapema, na ni vyema kuagiza miezi miwili au mitatu kabla.

Nyumba inayopokea watalii inapaswa kuwa na leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na ni haki ya mgeni kuiulizia na kudai risiti. Lipa kupitia mtandao ulioagizia, au ulipe kwa njia inayoacha kumbukumbu. Mtu asiyemjua yeyote Unguja asitume pesa zote kwa simu kwa sababu ya picha alizotumiwa WhatsApp. Uliza pia kama bei inajumuisha kodi za serikali zinazotozwa kwa kulala, usije ukaambiwa mlangoni.

Mtanzania abebe kitambulisho chake cha taifa, kwa kuwa kinahitajika kwa tiketi ya boti na katika kumwandikisha mgeni. Anayetoka nje ya Tanzania abebe pasipoti na aulize mapema kuhusu bima ya lazima ya wageni ya Shirika la Bima la Zanzibar, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024, ambayo ni rahisi kuishughulikia nyumbani kuliko kwenye foleni ya uwanja wa ndege.

Hatua ya 4: Kufika na kupandisha mizigo

Boti ya mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua takriban saa mbili na hushusha abiria Malindi, kwenye ukingo wa Mji Mkongwe wenyewe. Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume uko kilomita chache kusini mwa mji, kwa teksi au daladala. Kwa vyovyote, sehemu ya mwisho ya safari ni ya miguu. Anwani haisaidii sana vichochoroni, na ramani ya simu hupotea pale kuta ndefu zinapoziba anga. Kubaliana na mwenyeji akupokee mahali panapojulikana na kila mtu, kama lango la bandari, Ngome Kongwe, Kanisa la Mkunazini au makutano ya Jaws Corner, kisha muongozane.

Mizigo mizito wape wahamali wenye mikokoteni, na mkubaliane bei kabla mzigo haujainuliwa, ikiwa ni pamoja na kuupandisha ghorofani, maana hapo ndipo mabishano huzuka. Begi la mgongoni ni bora kuliko sanduku la magurudumu, kwa sababu mawe ya njia hayako sawa. Na mnapopita vichochoroni msikilize honi za Vespa na pikipiki, ambazo huja kwa kasi kwenye kona zisizoonyesha mbele. Watoto washikwe mkono upande wa ukutani.

Hatua ya 5: Saa ya kwanza ndani ya nyumba

Kabla mwenyeji hajaondoka, fanya ukaguzi mkiwa pamoja. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa wakati mmoja uone nguvu ya maji, vuta maji ya choo, washa kila kiyoyozi na kila kichomeo, na usome uniti zilizobaki kwenye mita. Piga picha ya kila ufa, doa na kioo kilichovunjika, kisha umtumie papo hapo ili zisiwe deni lako siku ya kuondoka.

Kwenye gesi usiwe na haraka. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na kwenye kifaa kinachofungwa mdomoni mwa mtungi, ufungue gesi bila kuwasha moto, na ukiona mapovu yanakua, gesi inavuja na jiko lisitumike hadi litengenezwe. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutuama sakafuni na dirisha la juu haliitoi. Fungua mlango, na usiguse swichi yoyote. Kujua kiasi kilichobaki, mwagia ubavu wa mtungi maji ya moto kidogo kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Mahali ubaridi unapoanzia ndipo gesi ilipofikia. Mtungi wa kilo 6 uliojaa unaitosha familia kwa wiki moja bila wasiwasi.

Jua pia milango inavyofungwa. Mingi ina komeo zito kwa ndani pamoja na kufuli, na mwenye kulala karibu na mlango ajue kuufungua gizani. Vichochoro ni vyembamba na gari la zimamoto haliwezi kufika kila mahali, kwa hiyo uliza namba za kupiga wakati wa dharura na njia ya pili ya kutokea, kama ipo kupitia paa.

Hatua ya 6: Soko la Darajani

Soko hili, ambalo wenyeji wengi huliita Marikiti, lilijengwa mwaka 1904 pembezoni mwa Mji Mkongwe, kando ya barabara inayoitwa leo Benjamin Mkapa. Mgeni anayejipikia atalijua kuliko mtalii yeyote, na kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua nyumba badala ya hoteli. Nenda mapema, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, ukiwa na kikapu cha ukili au mkoba wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, zaidi ya miaka kumi kabla ya marufuku ya Bara. Vaa nguo za kufunika mabega na magoti, uwe na noti ndogo ndogo, na uanze kwa salamu kamili kabla ya kuuliza bei. Muuzaji aliyesalimiwa vizuri na kuulizwa hali ya biashara huongeza ndimu moja juu ya fungu bila kuombwa.

Samaki wanunuliwe kwanza kwa kuwatazama, kisha kwa kuwagusa. Macho yawe angavu na yamejaa, matamvua yawe mekundu, nyama irudi ikibonyezwa, na harufu iwe ya bahari. Kwa mgeni asiye mzoefu, changu na tasi ni salama na watamu, na hupikika kwa namna zote. Jodari, nguru na vibua ni watamu pia, lakini wana hatari yao. Wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, nyama yao hutengeneza sumu ambayo haiondolewi na moto wala kugandishwa, nayo huleta wekundu wa uso, kuumwa kichwa na kutapika. Wanunue waliolala kwenye barafu, na usiwanunue jioni kwenye meza kavu hata kama bei imeshuka sana. Muuzaji au kijana wa pembeni atakuparia na kukukatia kwa malipo madogo, na ni busara kumwachia kazi hiyo, kwa kuwa magamba kwenye sinki la fleti huziba bomba na harufu hukaa ndani siku mbili.

Mboga na viungo huuzwa kwa fungu. Chukua tungule (nyanya), vitunguu, thomu (vitunguu saumu), mbatata (viazi), bilingani, bamia, pilipili mbuzi na ndimu kwa matumizi ya siku mbili tu, kwa sababu joto huziharibu na soko lipo kesho. Nazi itikise masikioni usikie maji yake. Isiyo na mlio imekauka au imeoza. Kama nyumba haina mbuzi, omba muuzaji akukunie. Viungo kama mdalasini, hiliki, karafuu, pilipili manga na bizari ya pilau vinunuliwe vizima, kwa kiasi kidogo, pale wanaponunua akina mama wa mtaani, na si kwenye vikapu vilivyofungwa kwa ajili ya zawadi ambavyo vimekaa juani.

Mkate hauna haja ya kuokwa. Asubuhi kuna boflo la moto, mandazi, vitumbua na chapati karibu na kila kona, na mkate wa ufuta ukiulizia. Nyama ya ng'ombe na ya mbuzi ipo sokoni humo humo. Nyama ya nguruwe haipo, wala asiulizwe mchinjaji habari zake.

Hatua ya 7: Kupika katika jiko la nyumba kongwe

Panga mlo kwa kufuata joto la siku. Pika kitu kizito asubuhi baada ya soko, jiko likiwa bado na ubaridi, kisha jioni upashe moto au ule kitu chepesi. Kwa watu wanne, samaki wa kilo moja, nazi mbili na mchele nusu kilo vinatosha mlo mmoja mkubwa. Mpangilio wa tui ni ule ule wa pwani yote. Toa tui zito kwanza na uliweke kando, kisha tui jepesi. Chemsha tungule, vitunguu, thomu na manjano kwenye tui jepesi hadi viive, tia samaki, na mwishoni kabisa mimina tui zito, ukikoroga polepole kwa moto mdogo hadi lichemke mara moja, ili lisikatike. Ndimu itiwe baada ya sufuria kuepuliwa.

Pweza huhitaji kuchemshwa kwa maji yake mwenyewe, bila chumvi, hadi alainike, na kwa pweza mkubwa hiyo inaweza kuwa saa nzima ya gesi, jambo la kufikiria kama mtungi umekaribia kwisha. Samaki wa kupaka ni chakula cha jiko la mkaa, na jiko la mkaa halipaswi kuwashwa ndani ya fleti wala juu ya sakafu ya mbao au ya boriti. Hewa yake ya sumu huua kimya kimya katika chumba kilichofungwa, na cheche moja inatosha kuanzisha moto usiofikiwa na gari. Ukiwa na hamu naye, nunua aliyekwisha kupikwa.

Chakula kilichobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa moja hadi mbili, hasa wali na kila chenye nazi, maana kwa joto la mji huu nazi huchacha kabla ya usiku. Umeme ukikatika usifungue friji. Iliyofungwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa nne. Maji ya bomba yachemshwe kabla ya kunywewa, au ununue chupa kubwa za kurudisha dukani. Na uache walau usiku mmoja bila kupika, uende Forodhani ambako meza za chakula hupangwa bustanini jua likizama, lakini mwombe muuzaji akukaangie au akuchomee kipya badala ya kupasha kilicholala mezani.

Hatua ya 8: Majirani, mavazi na Ramadhani

Kuta ni nene, lakini njia ni nyembamba na sauti ya paani hushuka moja kwa moja kwenye madirisha ya jirani. Muziki uzimwe mapema. Paa la nyumba ya jirani ni sehemu ya faragha ya wanawake wa nyumba hiyo, kwa hiyo usilielekezee kamera wala kulikodolea macho. Ukipita penye baraza lenye watu, toa salamu. Wazee waamkiwe kwa shikamoo, na ukikaribishwa kahawa, kukaa dakika chache ni heshima kwa pande zote mbili. Kila shehia, yaani eneo dogo la utawala, ina kiongozi wake wa serikali anayeitwa sheha, na mwenyeji mwaminifu humjulisha kuhusu wageni wake. Ukiombwa jina na kitambulisho kwa ajili hiyo, toa bila kinyongo.

Mwezi wa Ramadhani, kula, kunywa na kuvuta sigara hadharani mchana havikubaliki Zanzibar na huweza kumfikisha mtu polisi. Hapa ndipo nyumba ya kujipikia inapomfaa zaidi asiyefunga, kwa kuwa mikahawa mingi hufungwa mchana. Apike na kula ndani, madirisha ya njiani yakiwa yamefungwa, hasa saa za alasiri. Ratiba ya soko nayo hubadilika, na baada ya adhuhuri Darajani hujaa wanunuzi wa futari hadi pakapitika kwa shida. Ukiweza, pika sahani moja ya ziada umpelekee jirani kabla ya magharibi, na hataiacha sahani irudi tupu.

Hatua ya 9: Kuilinda nyumba yenyewe

UNESCO iliuweka Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe imekuwepo tangu 1985, lakini nyumba bado huanguka. Hata Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mgeni wa siku tano hawezi kuitengeneza nyumba, ila anaweza kuiharibu, na njia ya haraka kuliko zote ni maji. Boriti huozea pale ncha zake zinapoingia ukutani, na maji ya bafu yanayofurika ghorofani hushuka hadi hapo bila kuonekana. Kwa hiyo usiache bomba wazi wakati maji yamekatika, kausha sakafu ya bafu baada ya kuoga, na ukiona doa jipya darini mwarifu mwenyeji siku hiyo hiyo, hata kama halikusumbui.

Usipigilie msumari kwenye plasta ya chokaa, usibandike gundi, na usianike nguo mbichi chumbani. Tumia kamba ya paani. Fungua madirisha kila asubuhi ili kuta zipate upepo, kisha uyafunge jioni kwa ajili ya mbu na ulale ndani ya chandarua. Paa lisijazwe watu. Hafla ya watu thelathini juu ya boriti za zaidi ya miaka mia moja ifanywe kwingine. Milango ya nakshi isiegemezwe mizigo, na watoto wasining'inie kwenye njumu zake.

Hatua ya 10: Kuondoka

Siku moja kabla, acha kununua vya kuharibika na upike vilivyobaki. Mchele, mafuta na sukari visivyofunguliwa mpe msafishaji wa nyumba au jirani, badala ya kuviacha vivutie panya. Taka uliza zinapelekwa sehemu gani ya kukusanyia na saa ngapi, kwani mfuko ulioachwa mlangoni usiku hupasuliwa na paka kabla ya alfajiri. Zima hita na viyoyozi, funga gesi mdomoni mwa mtungi, soma mita tena na upige picha.

Kama uliweka amana, kutana na mwenyeji ndani ya nyumba walau saa mbili kabla ya muda wa kuripoti bandarini, mpitie vyumba pamoja kwa kulinganisha na picha za siku ya kwanza, na urudishiwe fedha zako ukiwa bado umeshika funguo.